Kushindwa kwa Honorable Ruberwa

Jumapili, 7 Septemba

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Riverside, hapa Buffalo, pamoja na majirani zetu wa ng'ambo ya mto ambao ni Wakanada lakini ni watu: suruali ya suti yangu mimi, Gasore, iliyozaliwa Bujumbura na kulelewa kwa naftalini, imefariki leo wakati wa kutoka kanisani, baada ya kuugua kwa muda mrefu sehemu za kiuno. Marehemu ameacha koti moja na mkanda. Bendera zipepee nusu mlingoti.

Mke wangu hakulia. Alisema afadhali imepasuka sasa kuliko kupasuka Columbus mbele ya wakwe.

Bon, tarehe imeshikwa. Jumamosi ya tarehe 27, Columbus, ukumbi wa kanisa la Rugaba, mtu wetu wa kule. Wao watoke Louisville, sisi tutoke huku Buffalo, tukutane njiani, kila mtu achoke karibu sawa na mwenzake. Wanakuja kumwomba binti yetu Vestine. Kijana anaitwa Cubaka, Mushi wa Walungu, kabila la jirani zetu kule Kivu, Kongo, anapanga mizigo ghalani kule Louisville. Nimemtafutia kasoro tangu Pasaka. Sijapata. Inaudhi.

Sasa, nani atatusemea? Kwetu baba wa msichana siku ile hana mdomo. Anakaa mbele kama picha, fimbo mkononi. Msemaji ndiye anayewatania wageni, anawauliza maswali magumu, anawakatalia mara tatu — halafu anashindwa. Hapo maziwa yanatolewa, watu wanakula. Watu wetu wote wa Mulenge, kuanzia hapa mpaka Texas, wanasemewa na Rugaba. Lakini Rugaba anaongea kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. Mimi ninamtaka ndugu yangu Ruberwa, mbunge wa Kanada.

"Kwa sababu anajua kusema," mke wangu akauliza, "ao kwa sababu ni Honorable?"

Nikasema vyote viwili.

"Alikuwa Honorable," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia Ruberwa. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Tarehe hakuuliza. Zamani ukimtaka unaongea kwanza na msichana wa ofisi, halafu na kijana wa ofisi, halafu unaambiwa Honorable yuko kwenye kamati. Leo simu haikulia hata mara mbili.

Ruberwa ni mtoto wa baba yangu mdogo. Tulichunga pamoja. Yeye alitangulia Kanada, mimi nikaishia upande huu, mto katikati. Akaendesha malori, akaingia baraza la shule, halafu siku moja ananiambia anagombea bunge la jimbo, kwa tiketi ya Wahafidhina. Nikamuuliza kwa nini hao.

"Gasore," akasema, "watu wanaoamka mapema kukamua, wanaopenda kanisa, wasiotaka mtu aguse mali yao — si hao ni sisi?"

Nikatafuta nyundo.

Msimu ule nilivuka daraja kila Jumamosi kumsaidia kupigilia vibao vya jina lake kwenye nyasi za watu. Mimi, mtu ambaye hata kura ya huko sina. Wakulima walimtazama kama mgeni aliyepotea njia. Mpaka tulipofika kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wale wa madoa meusi. Mzee hakutaka kusikia siasa, alikuwa na ng'ombe aliyegoma kula. Ruberwa akaingia zizini na viatu vyake vya kampeni, akamshika yule ng'ombe nyuma ya masikio, akaanza kumsifu kwa Kinyamulenge — zile sifa ndefu za baba zetu, pembe kama mwezi, ingawa pembe zenyewe zilishakatwa. Sisemi ng'ombe alipona. Nasema alisikiliza. Na yule mzee, bila kuelewa neno moja, akavua kofia.

Baada ya hapo vibao vyetu vilisimama mbele ya mazizi ya barabara ile yote. Akashinda. Tulicheza mpaka mke wangu akateguka mguu, na lawama ya mguu ule naipokea mpaka leo kila theluji ikianguka.

Jumapili, 14 Septemba

Nimevuka kwenda kumwona. Afisa wa mpaka akauliza naenda kufanya nini Kanada. Nikasema, kumwona msemaji wa binti yangu. Akauliza, ni mwanasheria? Nikasema ni karibu na hapo.

Vibao vyake vya bluu vimepangwa gereji, jina limegeukia ukuta. Kimoja amezibia tundu la uzio, kuzuia mbwa wa jirani. Nikamwambia angalau hicho bado kinapata kazi. Alitabasamu kwa adabu tu.

Tumekaa uani na chai ya maziwa, akaongea. Miaka ile ya bunge la jimbo, kule Toronto, chama chake kilikuwa serikalini, kazi yake ikawa kusema ndiyo. Mkuu akisema, yeye anapiga makofi. Akapitisha sheria moja yake mwenyewe: siku moja kwa mwaka ya kuheshimu maziwa. Nilimcheka miaka mingi kwa sheria ile. Nilikuwa nampigia simu siku yenyewe ikifika, namuuliza kama maziwa yamepumzishwa kazi. Leo akasema ndicho kitu pekee alichokifanya ambacho bado kimesimama. Sikucheka.

Halafu akataka kupanda. Mambo makubwa ya maziwa yanaamuliwa Ottawa, ndivyo alivyowaambia wakulima wake. Akaacha kiti cha jimbo, akagombea bunge la taifa, akashinda tena. Ila kule chama kilikuwa upinzani. Kazi ikageuka ikawa kusema hapana.

"Na nilikuwa mzuri," akaniambia. "Nikisimama, hata wapinzani wangu wanatulia wasikie vile nitawakatalia."

Nilishamwona kwenye simu yangu. Ni kweli. Alikataa kama mtu anayeimba.

Ikaja bajeti. Upinzani ukiikataa bajeti unaikataa nzima, hauchagui vipande. Ruberwa akaikataa vizuri sana. Na ndani yake, katikati ya makaratasi yote yale, kulikuwa na msaada wa wakulima wa maziwa. Uchaguzi ulipofika, mwezi wa nne, mshindani wake — mwalimu wa shule, mama mpole — hakuhitaji maneno mengi. Alikwenda zizi kwa zizi na swali moja: mbunge wenu aliyapigia maziwa yenu kura gani?

Yule mzee wa ng'ombe aliyesifiwa aling'oa kibao mwenyewe. Hakukitupa. Alikileta mpaka mlangoni kwa Ruberwa, akakiegemeza ukutani, akarudi kwenye gari lake.

Huko kwao anayeshindwa humpigia simu aliyeshinda, matokeo yakishajulikana, kumpa heko. Ruberwa hakupiga. Alikuja kwangu Riverside, akakaa siku kadhaa akiutazama mto kama mtu aliyedondosha kitu humo. Leo nimemuuliza tena, kwa nini usimpigie yule mama yaishe?

"Nikimpigia, nitakuwa nimeshindwa."

"Ulishashindwa, ndugu yangu. Gazeti lenye habari yako lilishafungia samaki."

Akacheka. Kidogo, lakini ni kicheko.

Kabla sijaondoka nimemfikishia ujumbe wa Vestine. Vestine anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee kule Lackawanna, si mtu wa kuongea ovyo. Juzi alinikalisha akaniambia kwa Kiingereza, nikajua ni zito. Baba yake Cubaka asitajwe. Watu wenye bunduki walimchukua njiani akienda sokoni, Cubaka akiwa mdogo. Hakurudi, mwili haukuonekana. Mama yake, Nzigire, hajakaa matanga mpaka leo. Neno "marehemu" halijatoka kinywani mwake.

Na kwetu swali hilo lipo kwenye desturi. Msemaji lazima aulize: baba yake kijana yuko wapi, kwa nini haji kuomba mwenyewe? Watu hucheka, baba anasimama, anapiga magoti kwa utani, mambo yanaendelea. Safari hii asiulize.

Ruberwa akasema amesikia. Akaweka mkono kifuani.

Jumatano, 17 Septemba

Kiwanda, Tonawanda. Joto. Mgongo. Msimamizi akaniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikasema ndugu yangu mbunge atasema kwenye sherehe ya binti yangu. "Wa zamani" sikuongeza. Dhambi ndogo, imepita na mashine.

Jumamosi, 20 Septemba

Ruberwa amekuja kufanya mazoezi sebuleni. Mimi nimekuwa wakwe. Nikaomba mara ya kwanza, akanikatalia, nikacheka. Ya pili, akanikatalia kwa methali, nikacheka. Ya tatu, akaniuliza kama ninajua tofauti ya msichana na mzigo wa ghalani, mke wangu mwenyewe akacheka mlangoni. Nikaomba ya nne. Akanikatalia. Bugali ikapoa mezani.

"Hapo ndipo unakubali," nikamwambia.

"Najua. Nilikuwa napasha mashine moto."

Nyirangabo — mke wangu, nimwite kwa jina lake maana alisema jambo la maana — alisubiri ndugu yangu aondoke. Halafu akasema: "Papa Vestine, huyu mtu amependeza. Lakini hajui mlango wa kutokea uko wapi."

Nikamwambia ndiyo maana kuna fimbo. Baba wa msichana akigonga fimbo sakafuni, msemaji hunyamaza hapohapo, familia inatoka kushauriana. Nitagonga.

"Utagonga?"

"Nitagonga, mama."

Rugaba naye amepiga simu. Nilijitayarisha kwa lawama, nikawa nimeshapanga uongo wa heshima kabisa. Hakunilaumu. Alisema atapanga viti, atatafuta vipaza sauti, tusihangaike. Mwishoni tu, kwa sauti yake ile ya karatasi ya dawa, akasema: "Kaka, mwambie Honorable, msemaji wa msichana ameitwa kushindwa. Kukataa ni njia tu ya kufika."

Sikumwambia. Nilifikiri ni wivu. Mtu mzima mimi.

Ijumaa, 26 Septemba

Barabara ndefu. Ruberwa mbele nami, Nyirangabo na Vestine nyuma, maziwa ya shamba kwenye masanduku ya barafu, chombo cha mti cha mama mkwe wangu kimefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Ruberwa alitusimulia Ottawa njia nzima, kila hapana yake kubwa, hata Vestine akatoa vidude masikioni kusikiliza. Karibu na Cleveland akasema, bila mtu kumuuliza: "Hakuna anayenipigia tena. Wewe tu, Gasore."

Nikamwambia mimi napiga kwa sababu laini yangu haina mwisho wa dakika.

Hakusikia. Au alisikia.

Jumamosi, 27 Septemba — Columbus

Asubuhi. Suruali mpya inabana lakini inaishi. Rugaba amepanga viti, pande mbili zinatazamana. Vestine yuko chumba cha nyuma na shangazi zake, haruhusiwi kuonekana mpaka tukubali. Magari ya Louisville yamefika, watu wanashuka wakiimba. Nzigire amevaa kitenge cha njano, ananisalimia kwa mikono miwili. Mkono wake ni mgumu kuliko wangu. Nimempenda.

Mchana, jikoni mwa ukumbi.

Taarifa kwa umma: sherehe imesimama kwa muda kutokana na sababu za kiufundi. Wageni wetu waheshimiwa wanapumzika ndani ya magari yao.

Hapana. Namdanganya nani, daftari hili halina msomaji. Niandike vile ilivyokuwa.

Msemaji wao ni Polycarpe, kaka yake Nzigire. Mtu mfupi, amekauka sauti, ametoka kazini akaingia garini moja kwa moja. Alianza vizuri: wamepita njia, wameona ua, wanaomba kujua mwenye bustani. Ruberwa akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akasema hapa hakuna bustani, ni maegesho ya magari, labda wamepotoshwa na simu zao. Watu wakaanguka kwa kicheko, pande zote mbili. Hata Nzigire.

Mara ya pili, mara ya tatu, hivyohivyo. Nilikuwa na fahari mpaka suruali ikahisi. Polycarpe akainama, akasema basi mzee, tumechoka kwa furaha, tupatieni. Hapo ndipo mlango ulikuwa. Nyirangabo alikuwa ameshainua chombo cha maziwa.

Ruberwa akasema: "Bado."

Watu wakacheka tena, ila upande wetu tu. Akauliza kijana anafanya kazi gani. Ghalani. Ghala ni lake? La, si lake. Nyumba anayokaa? Ya kupanga. Kila jibu analipokea, analigeuza, analionyesha ukumbini. Ni kipaji, sikatai. Jasho lilikuwa linamng'aa. Polycarpe alikuwa anatazama viatu vyake. Kazi, nyumba, mama. Niliiona njia ile inakoelekea. Mtu yeyote wa kwetu angeiona: baada ya mama ni baba.

Fimbo ilikuwa mkononi mwangu. Nilishainyanyua kidogo.

Sikugonga. Na sababu si kwamba nilichelewa, kama nilivyomwambia Rugaba, wala kwamba sikusikia vizuri, kama nilivyomwambia mke wangu. Nilimtazama Ruberwa usoni. Tangu mwezi wa nne uso ule ulikuwa kama nyumba iliyohamwa, na sasa taa zilikuwa zinawaka vyumba vyote. Ukumbi mzima uliokuwa umekaa ulikuwa wake. Nikasema moyoni, watu wote wamemnyang'anya neno, na mimi nisimnyang'anye. Nikafikiri pia: hatauliza, aliweka mkono kifuani. Na nilikuwa nacheka. Hilo nalo liandikwe. Sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Na baba yake yuko wapi?" Ruberwa akasema. "Kama kweli wanamtaka binti yetu, kwa nini haji kuomba mwenyewe?"

Nadhani alijua hapohapo. Mdomo ulishatoka mbele yake kama ng'ombe aliyevunja kamba.

Polycarpe alimgeukia dada yake. Nzigire akasimama, akakaza kitenge kiunoni, akasema polepole, si kwa hasira:

"Kama anajua kwenye iko, anionyeshe."

Akatoka. Cubaka akamfuata mama yake, bila kututazama. Wengine wakachukua mikoba yao.

Nilikwenda chumba cha nyuma. Ukuta ni mwembamba, alishasikia yote. Vestine amekaa na shanga zake kichwani, hakuna machozi. Nilitegemea Kiingereza. Akaniuliza kwa Kiswahili:

"Papa, fimbo ilikuwa wapi?"

Sikuwa na utani wowote. Nilitafuta.

Nyirangabo ametaka kupeleka maziwa garini yeye mwenyewe. Rugaba akamzuia, kwa upole. Maziwa hayavuki kizingiti kabla ya mdomo uliokataa kukubali. Yakivuka hivi hivi, tumewapa kama wapita njia. Wala yeye Rugaba hawezi kukubali kwa niaba ya mwingine. Ruberwa ndiye aende, aseme tumeshindwa, kwa maneno hayo, bila kupamba.

Nikaenda kwake. Alikuwa bado mbele, amekaa kwenye ngazi ya jukwaa, koti limefunguliwa.

"Nilikusikia unacheka," akasema. Hakuwa ananilaumu.

"Nilicheka. Na fimbo ilikuwa mkononi. Nenda, ndugu yangu. Kosa ni la wawili, lakini mdomo ni wako."

Nje injini zinanguruma. Halafu akaniuliza, kama mtoto anayeuliza njia:

"Wanasemaga nini, watu wakipiga ile simu ya heko?"

"Sijui. Nafikiri kifupi."

Ametoka sasa hivi. Namwona kwa dirisha la jikoni, ndiyo maana mwandiko umepinda. Nyirangabo amesimama kizingitini na chombo cha maziwa, vidole vya miguu mwisho kabisa wa mlango, hapiti. Ruberwa amefika kwenye gari la mbele, upande wa Nzigire. Amevua kofia. Kioo kimepandishwa, anaongea na kioo. Sisikii kitu. Amesema kidogo tu, sijawahi kumwona akisema kidogo namna ile, na sasa amenyamaza, na haondoki.

Nzigire anatazama mbele.

Polycarpe amezima injini. Kioo bado — la, kinashuka.